Fa Isiyoandikwa

Mama Ozella Tidmore alikuwa amepanga mazishi yake kwa madaha yote, kama mtu anavyopanga harusi ya binti wa pekee, wala hakuona haya kuyazungumza mbele ya wageni. Gauni la bluu, si lile la kijivu. Jeneza la msonobari, lisilo na vikorombwezo. Mhubiri aseme machache, kwa sababu alimjua mhubiri. Na zaidi ya yote, waimbe "Kivuko cha Tatum", wimbo alioutunga baba yake, na pande zote nne za mabenchi zijae watu.

Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha raha binti yake, Nelda.

Nelda alikuwa ameacha kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno huko Chattanooga, akarudi juu ya mlima huu wa Alabama kumuuguza mama yake. Mapafu yalikuwa yamekwisha, na daktari hakuzunguka mbuyu. Nyumba ya nyimbo, ukumbi wa mbao walimokusanyika kuimba tangu enzi za babu, bado ilikuwa imesimama pale chini ya barabara, mabenchi yamepangwa mraba vilevile, watu wakitazamana: tenor huku, alto kule, soprano na besi ubavuni, na katikati nafasi ya anayeongoza. Hakuna kinanda wala gitaa, ni makoo tu. Lakini ukiwatazama waimbaji waliobaki ungetamani kulia. Besi walikuwa wazee wawili, na mmoja wao alikuwa akisinzia. Tenor alikuwa Mjomba Lester, mdogo wake Mama Ozella, na wenzake wachache wa kumwegemea. Alto alikuwa Vonceil peke yake, binamu wa mama, na nyonga yake mbovu. Soprano hapakuwa na mtu. Waliokuwa wakiketi pale walikuwa wamelala makaburini nyuma ya nyumba.

"Nani atakaa kwenye soprano, Mama?" Nelda aliuliza. "Paka?"

"Una binamu wangapi huko mijini?"

"Wengi."

"Wana midomo?"

"Wana midomo, lakini hawajui maumbo."

"Basi wafundishe. Au umerudi hapa kunibadilishia mashuka tu?"

Kitabu cha Babu Elbert, baba yake Mama Ozella, kilikuwa kimechapwa kwa maumbo, kama vitabu vyote vya nyimbo vya huku. Pembetatu ni fa, duara ni sol, kisanduku ni la, almasi ni mi. Mtu aliyelelewa kwenye mabenchi husoma umbo kabla hajautazama mstari, na kila wimbo huimbwa kwanza kwa majina ya noti, mwanzo hadi mwisho, ndipo maneno yafuate. Mabinamu wa mjini walijua noti za duara za makanisani kwao, zile za kufuata piano. Wengine hawakujua hata hizo, walikariri kwa kusikiliza simu. Na kitabu chenyewe kilibaki kimoja cha kusomeka, kwa kuwa vingine vyote vilikuwa vimeliwa na unyevu wa chini ya ngazi.

Ndipo Nelda aliposikia habari za programu ya kompyuta inayosoma karatasi ya muziki. Unaipiga ile karatasi picha kwa skana, programu inazitambua noti na kukuletea kwenye kioo zikiwa hai, unazihariri kama unavyohariri barua: unafuta, unahamisha, unakuza maandishi, unaiamuru hata ikuimbie sauti moja moja. Akaona huo ndio wokovu. Angezigeuza pembetatu za babu ziwe duara, jina la kila noti likiandikwa chini yake, awatumie mabinamu noti pamoja na sauti zake, na kila mmoja ajifunze nyumbani kwake akikaanga mayai.

Programu yenyewe ilikuwa na kichwa kigumu. Ilizitazama pembetatu za Babu Elbert ikadhani ni midundo ya ngoma. Visanduku ikaviruka. Doa la kahawa ikaliandika kuwa kituo cha kunyamaza, na mavi ya nzi kwenye mstari wa besi yakawa noti kamili, yenye heshima zake zote. Maneno ya tenor ikawapachika alto, na mahali ambapo hesabu ya mapigo haikutimia ikapaka rangi nyekundu, ikakaa kumsubiri mwenye nyumba aje asafishe.

Nelda akasafisha. Aliweka meza ndogo kando ya kitanda cha mama yake, kitabu kushoto, kompyuta kulia, rula chini ya mstari ili macho yasiruke. Noti kwa noti, ubeti kwa ubeti. Ilikuwa kazi ya kuumiza shingo, lakini kusema kweli aliifurahia, maana kuna magonjwa ambayo huwezi kuyafanyia lolote ila kumfuta mtu mdomo, na hapa angalau kulikuwa na makosa yanayorekebishika. Akimaliza mstari aliibonyeza programu iimbe. Sauti ilitoka nyembamba, kavu, haipumui.

"Ni nini kinacholia?" mama akauliza kutoka kitandani. "Jokofu?"

"Ni soprano yako, Mama."

"Maskini. Ana mafua."

Roxane ndiye aliyekuwa nguzo ya mpango huo. Alikuwa binti wa Mjomba Lester, mwalimu wa kwaya huko Huntsville. Mama yake alikuwa ameachana na Lester akamchukua angali mdogo, kwa hiyo mabenchi hakuyajua. Alizipokea noti za Nelda kwa mikono miwili, akawaita ndugu wa Huntsville na wa Birmingham nyumbani kwake kila Jumapili mchana, akawapanga sebuleni na kuwafundisha. Baada ya muda akatuma kipande alichokirekodi. Nelda alikisikiliza akiwa kwenye baraza na machozi yakamtoka. Ilikuwa kwaya! Ilikuwa imejaa, imenyooka. Mama yake angepata alichokitaka.

Siku aliyounganisha sauti zote nne kwenye kompyuta, alimkalisha mama kwa mito mitatu akamwekea wimbo mzima. Mama Ozella alifumba macho. Alisikiliza hadi mwisho, kidole chake kikipanda na kushuka juu ya blanketi. Kisha akasema, "Ipandishe fa."

"Fa ipi?"

"Hiyo ya kwenye 'taa', wanapokutana wote. 'Ng'ambo wamewasha taa.' Imelala. Ipandishe."

Nelda akachukua kitabu, akaweka rula, akatazama karatasi, akatazama kioo. "Mama, ndivyo ilivyoandikwa. Nimeihakiki zaidi ya mara moja."

"Sijakuuliza imeandikwaje. Nimesema uipandishe."

"Lakini Babu mwenyewe ndiye aliyeiandika hapa!"

"Na Babu yako mwenyewe ndiye aliyekuwa akiiimba juu. Sote tuliiimba juu. Hakuna aliyeiandika juu kwa sababu hakuna aliyekuwa mjinga wa kuiimba chini."

Nelda alijaribu kukumbuka. Utotoni alikuwa akiketi mapajani mwa mama yake upande wa alto, kichwa kimeegemea kifua, na bila shaka noti hiyo ilimpitia mgongoni mara nyingi. Lakini baadaye alikuwa ameimba miaka mingi kwenye kwaya ya mjini yenye piano, na sasa alikuwa ameisikiliza kompyuta wiki nyingi, kutwa nzima. Alitafuta ile noti kichwani asiione. Basi akaibonyeza programu, akaipandisha fa nusu sauti, akaicheza.

"Umepita," mama akasema. "Sasa inacheka. Huu si wimbo wa kucheka."

"Basi iwe wapi, Mama? Chini hutaki, juu hutaki. Programu haina mahali pengine."

"Ipo hapo kati. Karibu na juu. Ngoja nikuonyeshe."

Akajiinua kwenye mito. Alifungua kinywa na mishipa ya shingo ikamsimama, kama zamani alipokuwa akisikika hadi barabarani. Kilichotoka kilikuwa pumzi tupu. Akajaribu tena, kikohozi kikamshika, kikamkunja, na Nelda akashika beseni kwa mkono mmoja na paji la uso la mama kwa mwingine. Ilichukua muda mrefu kutulia.

"Basi, Mama. Basi. Nitaitafuta."

Kesho yake akamfuata Mjomba Lester kwenye mabanda yake ya kuku. Lester alizima mashine ya chakula ili wasikilizane, akavua kofia kana kwamba yuko ibadani, akaimba. Alipofika kwenye "taa" akasita.

"Siyo hiyo," akasema. Akarudia. "Hapana, siyo."

"Mjomba, umeiimba maisha yako yote!"

"Nimeiimba nikiwa nimeketi na wenzangu, mwanangu. Ukinisimamisha hapa na kuku naona aibu. Ni kama chafya, huwezi kuiagiza. Tukiwa pamoja inakuja yenyewe."

"Na kama haitakuja?"

"Haijawahi kukosa," alisema, akavaa kofia na kuwasha mashine.

Jioni hiyo akampigia Roxane simu.

"Nelda wewe, usinitanie," Roxane alisema. "Nimewafundisha watu ambao hawajui kutofautisha alto na honi ya lori. Sasa wameshika. Ukiwaambia kuna noti moja iko mahali ambapo haikuandikwa, watakimbia na sitawaona tena."

"Mama ameng'ang'ania."

"Shangazi yuko kwenye dawa kali, mpenzi. Karatasi inasemaje?"

"Inasema chini."

"Haya basi."

Nelda alikata simu, akaketi jikoni akitazama ukuta. Tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. Alikuwa na mabenchi yaliyojaa mkononi, jambo ambalo nyumba ile haikuwa imeliona tangu alipokuwa binti, na noti moja ilitaka kuyamwaga yote. Na kwa nini? Kwa sauti ambayo hata mwenyewe aliyeidai hakuweza kuitoa. Alijiambia kwamba mwanamke anayekufa anataka watu, hataki vipimo. Akaingia chumbani, akamrekebishia mama yake mto.

"Nimeirekebisha ile fa, Mama."

Mama Ozella akafumbua macho. "Kweli?"

"Kweli. Nimewatumia wote."

"Niwekee nisikie."

"Kesho, Mama. Kompyuta inachajiwa."

Mama akamtazama kitambo, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo Nelda hakuwa ameiona tangu arudi nyumbani. "Basi acha tu," akasema. "Nitaisikia siku yenyewe." Akacheka kidogo, kikohozi kikamnyamazisha.

Baada ya hapo hakuuliza tena. Alipokea wageni, akawapa maagizo kuhusu gauni, na asubuhi moja ya mvua, Nelda akiwa ameenda kuchukua uji, akaondoka bila kuaga.

Siku ya mazishi matope yalikuwa ya kung'oa viatu, lakini walikuja. Magari yalipanga foleni hadi kwenye kona. Ndugu wa Huntsville walikuja na suti zao, wa Birmingham na watoto wao, wote wameshika karatasi za Nelda, safi, zenye duara nyeusi na nyeupe. Upande wa soprano ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Alto walijibana, na katikati yao Vonceil aling'aa kama mtu aliyerudishiwa dada zake wote kwa mpigo. Jeneza liliwekwa mbele ya mabenchi ya tenor, na Roxane akaenda kuketi kando ya baba yake, bega kwa bega. Mjomba Lester hakujua aweke wapi mikono yake kwa furaha na majonzi.

Ndugu wa karibu ndiye huongoza wimbo wa mwisho, kwa hiyo Nelda akasimama katikati. Lester akatoa sauti ya kuanzia, la ya chini, kutoka kifuani mwake tu. Nelda akainua mkono.

Waliimba majina ya noti kwanza. Sauti ilimpiga kutoka pande zote nne kwa wakati mmoja, sakafu ya mbao ikatetemeka chini ya nyayo zake, na kwa mistari miwili Nelda alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Alabama, hata mbele ya jeneza la mama yake. Kisha wakafika kwenye ile fa.

Wazee waliipandisha. Walikuwa wachache, wenye makoo mabovu, na hakuna aliyewapa ishara. Iliwatoka tu, mahali pale pale mama alipokuwa amesema, juu lakini si juu kabisa, na Nelda akaijua papo hapo. Mwili mzima uliijua. Alihisi kifua cha mama yake kikitetemeka kwenye sikio lake la utotoni. Na chini yake, kutoka makoo ya ndugu wote wa mjini, ikaja fa ya karatasi, imenyooka, haina shaka. Hizo sauti mbili zikasagana hewani na uchungu wake ukamfika kwenye meno.

Watu wakatazamana. Roxane akamgeukia baba yake, akatabasamu kwa upole, akaweka kidole kwenye karatasi iliyokuwa magotini pake kumwonyesha noti ilipo. Mjomba Lester akatazama kidole. Akaitikia kwa kichwa.

Anayeongoza ana haki ya kusimamisha. Nelda alikuwa ameona watu wakifanya hivyo tangu utotoni: unashusha mkono, unasema "tuirudie", na hakuna anayekasirika. Angeweza kusema, nyinyi wa mjini, nyamazeni hapo, wasikilizeni wazee. Aliufungua mdomo. Lakini majina ya noti yalikuwa yamekwisha, na pande nne zilikuwa zinamsubiri, macho mekundu, vitambaa mikononi, na mkono wake ukapanda wenyewe. Wakaingia kwenye maneno.

"Ng'ambo wamewasha taa."

Safari hii haikusagana. Lester alishuka. Vonceil alishuka. Hata mzee wa besi aliyekuwa na mazoea ya kusinzia alifungua macho na kwenda sambamba na wengine. Sauti ikatoka moja, kubwa, nadhifu, kama ile ya kompyuta iliyotiwa damu, na ikawa hivyo ubeti wa pili, na wa tatu, na wa nne. Nelda alipiga mapigo hadi mwisho. Watu walilia. Yeye hakulia, alikuwa akisubiri ile noti irudi.

Baada ya kuzika walikula barazani, kama ilivyo desturi: kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi, pai za kila aina. Roxane alimkumbatia Nelda hadi mbavu zikauma. "Sijawahi kusikia kitu kizuri hivi. Tutauimba wimbo huu kanisani kwetu wakati wa Pasaka. Wapo watu wa Nashville nao wanautaka, nimeshawatumia." Nelda akasema asante, akaweka sahani yake chini bila kugusa kitu, akatoka.

Aliwakuta Mjomba Lester na Vonceil makaburini, wamesimama kwenye matope kando ya udongo mpya. Vonceil alikuwa ameegemea fimbo yake.

"Mbona mko huku, chakula kinapoa?" akawauliza, kwa sababu hakujua aanzie wapi.

"Tulikuja kumuaga kidogo," Lester akasema. "Ulifanya kazi kubwa, mwanangu. Dada yangu alikuwa akiota mabenchi kama yale."

"Mjomba, kwa nini mlishuka?"

"Tulishuka wapi?"

"Kwenye 'taa'. Mara ya kwanza mliiimba juu. Mliiimba sawasawa, niliisikia kwa masikio yangu! Halafu mkaiacha."

Wazee wakatazamana, na Nelda akaona kwamba wameona haya. Vonceil akamshika mkono.

"Ile mara ya kwanza utusamehe, mwanangu. Ni mazoea tu. Tulikuharibia."

"Niwasamehe nini?"

"Ozella alituonya. Tulipokuja kumwona mara ya mwisho alitwambia ile fa ya baba yake umeiweka sawa kwenye kompyuta, umewafundisha watoto wote, na kwamba siku ikifika tusijifanye tunajua, tuwafuate watoto." Akaupapasa mkono wa Nelda. "Tulishangaa kidogo kuisikia iko kule chini. Lakini Lester akasema, kama Ozella aliisikia akaridhika, basi sisi ndio tuliokuwa tumekosea miaka yote. Masikio yetu ni ya kizee."

Nelda alitaka kuwaambia kwamba hakuwahi kuirekebisha, kwamba alimdanganya mama yake.

"Iimbeni tena," akasema. "Hapa. Nyinyi wawili tu. Kama zamani. Tafadhali, Mjomba."

Wakamtazama kwa huruma, wakidhani ni majonzi. Lester akavua kofia, akatafuta ile la ya kuanzia. Vonceil akaingia na alto yake iliyochakaa. Walipofika kwenye "taa" walimtazama Nelda usoni kwa makini, kama watoto wanaomtazama mwalimu, na wote wawili wakashuka, polepole, kwa uangalifu, hadi mahali palipoandikwa.

"Sasa ni sawa?" Lester akauliza.

Barazani mabinamu walikuwa wamemaliza kula, na mmoja wao akaanzisha wimbo uleule, wengine wakadakia. Vonceil akasema wanaimba vizuri, baridi inazidi, na kwamba afadhali warudi ndani.